Je, Wajua? Taa ya mezani ina bega na kiwiko

Kiungo ni mahali ambapo mifupa miwili au zaidi hukutana. Kiwiko hukunja na kukunjua mkono kama bawaba ya mlango. Bega lina uhuru zaidi: kichwa cha mfupa wa mkono, chenye umbo la tufe, hukaa katika kishimo chenye kina kidogo, hivyo mkono huzunguka karibu pande zote. Uhuru huo una gharama, kwani hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kuliko bega.

Hata hivyo, viungo havijisogezi. Misuli ndiyo huvuta mifupa, na ndiyo huzuia mkono ulionyooshwa usianguke. Watu wengi husahau kazi hii ya pili, lakini ndiyo inayofanywa na springi za taa ya Anglepoise, iliyobuniwa na mhandisi wa magari wa Uingereza, George Carwardine, aliyeisajili kwa hataza mwaka 1932. Fito zake za chuma huungana kwa viungo, na springi zilizo karibu na kitako husawazisha uzito wa kichwa cha taa. Ukiisukuma kwa kidole, husogea. Ukiiacha, hubaki palepale bila kukazwa skrubu yoyote. Toleo la kwanza lilikuwa na springi nne, la mwaka 1935 likawa na tatu.

Mwaka 1937 Jac Jacobsen wa Norway alitengeneza taa ya aina hiyo, Luxo, na jina la taa hiyo likatumika katika filamu fupi ya Pixar ya 1986, Luxo Jr.