Ulaji wa mafuta wa magari ya mseto

Ulaji wa mafuta wa gari la mseto (pia: gari la haibridi) ni kiasi cha petroli ambacho gari lenye injini ya kawaida pamoja na mota ya umeme hutumia kwa umbali fulani. Afrika Mashariki na Japani kiasi hicho hutajwa kwa kilomita kwa lita, Ulaya kwa lita kwa kilomita 100, na Marekani kwa maili kwa galoni. Kila gari huwa na takwimu mbili: ile rasmi iliyopimwa maabara, na ile ambayo mwenye gari huipata barabarani. Kwa magari ya mseto pengo kati ya takwimu hizo limeleta malalamiko tangu magari hayo yaanze kuuzwa, na sehemu kubwa ya pengo hutokana na namna dereva anavyoendesha.

Makala hii inahusu hasa magari ya mseto yasiyochomekwa kwenye umeme, kama vile Toyota Prius, Toyota Aqua na Honda Fit ya mseto.

Nishati inatoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba gari la mseto hutembea kwa umeme wa bure. Umeme huo haupo. Gari halichomekwi popote, kwa hiyo nishati yote iliyomo kwenye betri ilitoka kwanza kwenye tangi la petroli. Betri ya Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ina takriban kilowati-saa 1.3, na kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote. Kwa kawaida huiacha kati ya asilimia 40 na 80 ya ujazo wake. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9. Hata ikijaa kabisa, betri hiyo haifikii nishati iliyomo katika glasi moja ya petroli.

Basi nafuu inatoka wapi? Inatokana na kupunguza upotevu. Kwanza, injini huzimika yenyewe gari linaposimama au linapokwenda polepole, wakati gari la kawaida lingeendelea kunguruma kwenye foleni bila kusogea. Pili, mota ya umeme husaidia wakati wa kuondoka, kwa hiyo injini inaweza kuwa ndogo na kutengenezwa kwa mzunguko wa Atkinson, ambao una nguvu kidogo lakini unatumia joto la petroli vizuri zaidi. Toyota ilisema injini ya Prius ya mwaka 2015 inageuza hadi asilimia 40 ya joto kuwa kazi. Tatu, gari linapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati ya mwendo kwenye betri.

Jambo hilo la tatu ndilo linalomtegemea dereva kuliko yote, na hesabu ya fizikia ya sekondari yatosha kulionyesha. Chukua gari lenye kilo 1,400 pamoja na dereva, likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi, ambayo ni kilojuli 194 hivi. Dereva anayeona taa nyekundu kwa mbali na kupunguza mwendo kwa sekunde 15 anatoa nishati hiyo kwa wastani wa kilowati 13. Dereva anayekuja kasi na kukanyaga breki mwishoni, akasimama kwa sekunde 4, anaitoa kwa wastani wa kilowati 49. Betri ndogo ya aina hii hupokea takriban kilowati 20 hadi 25 tu. Ziada yote huenda kwenye pedi za breki na kuishia kuwa joto, sawa kabisa na gari la kawaida. Madereva hawa wawili wana gari moja, wamesimama kwenye taa moja, lakini mmoja ameweka akiba na mwingine ameichoma.

Hata kwa dereva wa kwanza si yote inayorudi. Nishati hupungua inapoingia kwenye betri na hupungua tena inapotoka. Ndiyo maana kutokufunga breki kabisa, pale inapowezekana kwa usalama, ni bora kuliko kufunga breki vizuri.

Vipimo rasmi na historia yake

Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, ikiwa na takwimu rasmi ya kilomita 28 kwa lita. Nchini Marekani gari la kwanza la mseto kuuzwa lilikuwa Honda Insight, mwishoni mwa mwaka 1999. Prius ya kizazi cha pili ilipofika huko, kibandiko cha serikali kiliahidi maili 60 kwa galoni mjini na 51 kwenye barabara kuu, sawa na kilomita 25.5 na 21.7 kwa lita. Wanunuzi wengi hawakuzipata.

Kosa halikuwa la gari. Jaribio lililotumika lilikuwa la zamani: mwendo wa taratibu, kiyoyozi kimezimwa, hali ya hewa nzuri. Kuanzia magari ya mwaka 2008 Shirika la Mazingira la Marekani liliongeza majaribio ya mwendo mkali, ya kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na ya baridi ya takriban sentigredi 7 chini ya sifuri. Kwa kanuni mpya Prius ileile ilishuka hadi maili 48 mjini na 45 barabara kuu, yaani kilomita 20.4 na 19.1 kwa lita. Hakuna skrubu iliyobadilishwa.

Suala hilo lilifika hata mahakamani. Mwezi Februari 2012 mmiliki mmoja wa Honda Civic ya mseto huko California, aliyedai kwamba gari lililotangazwa kwa maili 50 kwa galoni lilimpa karibu 30, alishinda kesi katika mahakama ya madai madogo na kupewa dola 9,867. Mei mwaka huohuo mahakama ya juu yake iliitengua hukumu hiyo.

Japani nayo ilibadilisha kipimo chake zaidi ya mara moja: kutoka kile kilichoitwa 10-15 kwenda JC08, kisha WLTC. Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kulijua hili, kwa sababu magari mengi ya mseto yanayopita bandari za Mombasa na Dar es Salaam ni magari yaliyotumika Japani, na muuzaji hutaja takwimu ya Kijapani. Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Gari hilohilo liliuzwa Marekani kwa jina la Prius c, na huko kibandiko kilisema maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 kwa lita. Jaribio la JC08 lina wastani wa mwendo wa kilomita 24.4 kwa saa na halifiki hata 82. Anayenunua Aqua akitarajia 35 atajiona ameibiwa. Anayetarajia 20 au zaidi kidogo hatashangaa.

Mguu wa dereva

Serikali ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa fujo, yaani kuondoka kwa kishindo, kukimbia na kufunga breki ghafla, unaweza kupunguza umbali kwa kila galoni kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu na asilimia 10 hadi 40 katika mwendo wa kusimama na kuondoka. Makadirio hayo ni ya magari kwa jumla. Kwa gari la mseto madhara huonekana haraka, kwa kuwa tabia hizo ndizo zinazofuta faida aliyoilipia mnunuzi.

Mwendo mkubwa ni adui wa kwanza. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 huongezeka karibu mara mbili. Kwenye barabara kuu hakuna kusimama, kwa hiyo hakuna nishati ya breki ya kurudisha, na mota haina la kufanya. Hii ndiyo sababu gari la mseto, kinyume cha magari mengine, mara nyingi hula mafuta kidogo mjini kuliko safarini. Mizigo juu ya paa huzidisha tatizo hilo.

Lakini kwenda kwa woga nako si dawa. Kuna madereva wanaonyata ili taa ya injini isiwake, wakiamini kila mita ya umeme ni faida. Betri ikishuka injini italazimika kuijaza, na nishati hiyo itakuwa imepita njia ndefu: petroli, injini, jenereta, betri, mota, tairi. Kila kituo kinachukua ushuru wake. Afadhali kuondoka kwa nguvu ya wastani, kufikia mwendo unaotakiwa, kisha kulegeza mguu na kuushikilia mwendo huo.

Wapo waliofika mbali sana kwa mbinu hizi. Agosti 2005, mjini Pittsburgh, madereva watano waliopokezana waliendesha Prius moja maili 1,397 (kilomita 2,248) kwa tangi moja, wastani wa maili 109 kwa galoni au kilomita 46 kwa lita. Walikuwa wakiongeza mwendo kidogo kisha wakiacha gari liteleze injini ikiwa imezimika, tena na tena, kwa mwendo ambao ungepigiwa honi katika barabara yoyote yenye magari. Rekodi hiyo inaonyesha tu mguu una uzito gani. Si mfano wa kuigwa kwenye Barabara ya Morogoro. Mbinu nyingine za watu wa rekodi, kama kujibanza nyuma ya lori ili likukinge na upepo, ni hatari tupu.

Kosa moja la kawaida kwetu ni kuweka gia frii kwenye mteremko. Katika Prius na ndugu zake, gia ikiwa N betri haichajiwi, kwa hiyo dereva anapoteza nishati ya bure ya mteremko, na pia anaacha breki zibebe uzito wote. Iache kwenye D. Herufi B ni ya miteremko mirefu na mikali, injini isaidie kuzuia gari. Kuitumia kila siku mjini ni kupoteza nishati ambayo betri ingeipokea.

Safari fupi nazo zina gharama. Injini ikiwa baridi, gari huiwasha hata likiwa limesimama, ili ipate joto pamoja na kifaa cha kusafisha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Anayekwenda sokoni kilomita 2, akarudi, kisha akatoka tena baadaye kwenda posta, huwa hajafika kwenye hali nzuri ya gari lake hata mara moja. Kuunganisha shughuli hizo katika mzunguko mmoja husaidia.

Hali ya hewa, milima na vumbi

Katika nchi za baridi magari ya mseto huumia zaidi kuliko mengine: kwenye sentigredi 7 chini ya sifuri umbali kwa lita hupungua kwa takriban theluthi moja. Pwani ya Afrika Mashariki haina tatizo hilo, ila ina la kiyoyozi, ambacho kwenye foleni huendelea kunyonya betri mpaka injini iamke.

Milima hupotosha hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi gari hupanda takriban mita 1,700. Kwa gari letu la kilo 1,400, kupanda huko peke yake ni megajuli 23, ambazo hudai kama lita 2 za petroli juu ya zile za safari yenyewe. Wakati wa kurudi sehemu kubwa ya deni hilo hulipwa, kwa kuwa mteremko hufanya kazi ya injini. Ndiyo maana mtu akisifu au akilaumu gari lake kwa safari ya upande mmoja, aulizwe alikuwa anapanda au anashuka.

Vumbi pia lina sehemu yake. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na hewa inayoingia kupitia tundu lililo kando ya kiti hicho. Tundu likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na kompyuta huipunguzia kazi. Mafuta yanaongezeka na betri inachakaa. Kusafisha hapo hakuhitaji fedha nyingi. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kupima mwenyewe

Kioo cha dashibodi mara nyingi husifu gari kuliko hesabu ya pampu. Njia ya kuaminika ni kujaza tangi, kuandika kilomita, kuendesha mpaka tangi likaribie kwisha, kisha kujaza tena na kugawa kilomita kwa lita zilizoingia. Tangi moja halitoshi. Wastani wa matangi matatu au manne ndio wa kutegemewa.

Kisha igeuzwe kuwa lita, kwa sababu kilomita kwa lita hudanganya macho. Kutoka 8 hadi 10 kwa lita huokoa lita 25 katika kilomita 1,000; kutoka 20 hadi 25, ambako huonekana ni hatua kubwa zaidi, huokoa lita 10 tu. Hata hivyo kwa mwenye kazi lita hizo si ndogo. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 100 kwa siku na kupata 15 kwa lita badala ya 20 hutumia karibu lita 42 zaidi kwa siku 25 za kazi.

Magari ya mseto ya kuchomeka

Aina hii ina betri kubwa inayochajiwa kwa waya, na hapo tabia ya mwenye gari ina uzito zaidi, kwani asipochaji anabeba betri nzito bure. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha takwimu zilizokusanywa na vifaa vilivyomo ndani ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2021. Magari ya petroli na dizeli yalizidi vipimo rasmi kwa takriban asilimia 20. Ya mseto ya kuchomeka yalitoa kaboni dioksidi mara 3.5 ya vipimo vyake, hasa kwa sababu hayakuchajiwa na kuendeshwa kwa umeme kadiri ilivyodhaniwa.