Anayetaka kuuza mahindi aanze kwa kupima

Majuzi kijana mmoja niliyemfundisha hisabati alibisha hodi nyumbani kwangu hapa mjini Kakamega. Amehitimu chuo kikuu, hana kazi, na amechoka kupeleka barua za maombi katika afisi zisizomjibu. "Mwalimu," aliniambia baada ya salamu, "nimeamua kuingia katika biashara ya nafaka. Tajriba sina. Je, nahitaji mtaji wa pesa ngapi?" Nilimjibu kwamba aanze na chupa moja na chumvi kidogo. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Sikuwa na mzaha, na ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wasomao safu hii wajue sababu yake.

Mimi pia niliingia katika biashara hiyo bila kuijua. Mwaka 1998 serikali ilisitisha utaratibu wa kuwaajiri walimu moja kwa moja wanapohitimu, nasi tuliokuwa na vyeti vipya mikononi tukabaki nyumbani. Wakati huo soko la mahindi lilikuwa limefunguliwa. Kwa miaka mingi hapo kabla, mtu hakuruhusiwa kusafirisha shehena ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine pasipo kibali, na bodi ya serikali ndiyo iliyotawala biashara hiyo. Vizuizi hivyo vilipoondolewa mwaka 1993, yeyote mwenye magunia na nauli ya lori aliweza kujaribu bahati yake. Nami nikajaribu yangu.

Hesabu niliiona nyepesi. Kule Lugari mahindi huvunwa kwa wingi mwishoni mwa mwaka na bei hushuka. Huku kwetu kusini, ambako mashamba ni madogo na vinywa ni vingi, bei huwa juu. Baba akauza ndama. Nikanunua magunia 20 kwa mzee mmoja mkulima, nusu kwa pesa taslimu na nusu kwa ahadi, nikayapakia lorini, tukapitia Webuye na Malava hadi kwenye shule moja ya bweni iliyokuwa imekubali kuyanunua. Mhifadhi wa ghala alitia mkono ndani ya gunia la kwanza, akautoa, akatikisa kichwa. Mahindi yalikuwa na joto. "Mwalimu," alisema, "haya hayajakauka. Rudi nayo."

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Nilimwendea mama mmoja sokoni aliyekuwa akiuza mahindi kwa gorogoro, nikamshauri tuyachanganye na yake makavu ili yasitambulikane. Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," aliniambia, "wanaonunua kwangu nawajua hadi watoto wao." Sikuwa na la kujibu. Nikakodi turubai, nikayaanika uani kwa baba kwa siku sita, nikiyageuza na kuyakusanya kila wingu lilipotanda.

Sikufahamu wakati huo jinsi mama yule alivyoniokoa. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu wa namna fulani huzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Waliokufa walikula ugali, chakula kile kile tunachowapakulia wanafunzi wetu kila siku.

Tukiacha suala la uhai, hata hesabu yenyewe ilinisuta. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20. Kilo 18 ni maji. Kilo 72 ndizo mahindi yenyewe. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango wanachokitaka wanunuzi wakubwa, zile kilo 72 huwa ni asilimia 86.5 ya uzito mpya. Piga hesabu: gunia limebaki na kilo 83 na ushei. Katika magunia 20 zimepotea takriban kilo 135, yaani gunia moja na nusu.

Sasa tuseme umenunua kila gunia kwa shilingi 3,000 na utaliuza kwa 3,500. Ukidhani una magunia 20, unajihesabia faida ya shilingi 10,000. Kumbe unayo 18 na nusu, na mapato yako ni shilingi 64,750. Ondoa 60,000 za mkulima, 3,000 za lori na 1,000 za magunia matupu. Umebaki na shilingi 750 kwa jasho la wiki nzima. Na hapo panya hajala, wala lori halijakwama.

Mimi sikupata hata hizo 750. Nilipoyauza hatimaye, nilirudi Lugari kulipa deni nikiwa nimepungukiwa, na pengo nikaliziba kwa pesa za kuazima. Nilimwuliza yule mzee kama alijua kuwa mahindi yake yana maji. "Nilijua," akanijibu bila kupepesa macho. "Lakini wewe, mwalimu mzima, mbona hukupima?" Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani. Hata hivyo, msimu uliofuata ni yeye aliyenipa magunia 40 kwa neno tupu, kwa kuwa nililipa. Safari hiyo nilikwenda na chupa.

Kipimo chenyewe ni hiki. Twaa chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, utikise kwa nguvu dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Usinunue kwa bei ya mahindi makavu. Isipoganda, unaweza kuendelea na mazungumzo. Mwenye uwezo na anunue mashine ya kupimia unyevu, maana chupa haitambui tofauti ya asilimia moja au mbili.

Cha pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Cha tatu ni subira ya kuhifadhi. Kenya ilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2019, ambayo kwayo mwenye nafaka huiweka katika ghala lililoidhinishwa na kupewa hati anayoweza kuitumia kuombea mkopo huku akingoja bei ipande. Lakini ghala kama hilo hupima kabla ya kupokea. Milango yote ya biashara hii, mikubwa kwa midogo, ina mizani kizingitini.

Wengi hutuita walanguzi, na mara nyingine tumestahili jina hilo. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wa hisabati: siku mtakapofundisha asilimia, ingieni darasani na chupa, chumvi na kikombe cha mahindi ya ghala la shule. Mwanafunzi atakayeitikisa kwa mkono wake huenda asiuze ndama wa baba yake kununua maji. Tena huenda mkagundua kilichomo ndani ya magunia ya shule kabla hakijafika sahanini.