Hofu Inayodumu Baada ya Hatari: Mfano wa Bonde la Lambwe

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mwoga, ilhali imebeba ukweli mzito kuhusu mwenendo wa binadamu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mazoea yaliyomwokoa mtu wakati wa dhiki hudumu hata dhiki yenyewe inapokwisha.

Bonde la Lambwe, kusini magharibi mwa Kenya, lilijulikana kwa miongo mingi kuwa makao ya mbung'o, mdudu aenezaye malale. Aina ya malale iliyopatikana huko huweza kuua katika muda wa miezi michache isipotibiwa. Mwaka 1980 ugonjwa huo ulizuka upya bondeni. Katika mazingira kama hayo, kuepuka vichaka, kufyeka kandokando ya boma na kushuku kila homa hakukuwa woga bali hekima.

Hali imebadilika. Mgonjwa wa mwisho miongoni mwa wenyeji wa Kenya alitambuliwa mwaka 2009, na wageni wawili walioambukizwa Maasai Mara waligunduliwa mwaka 2012. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Hata hivyo, tangazo haliondoi hofu moyoni mwa aliyewahi kuwazika jamaa zake.

Sababu ni kwamba mwili hujifunza hatari upesi, lakini hujifunza usalama polepole. Aidha, anayekwepa kichaka daima hapati fursa ya kuona kwamba amepita asidhurike. Kila akikwepa, hupata nafuu, naye huihesabu nafuu hiyo kuwa ushahidi kwamba alifanya vyema kukwepa. Hivyo basi, zoea hujilisha lenyewe. Wanasaikolojia hueleza pia kwamba hofu ya kale haifutiki. Mafunzo mapya hujengwa kando yake, nayo huhitaji kurudiwa mara nyingi.

Je, mazoea hayo yatupwe yote? La hasha. Mbung'o wangali katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, na nagana ingali hatari kwa mifugo. Vilevile, ukanda wa Ziwa Viktoria una malaria nyingi. Kwa hivyo, kuipima homa mapema kungali na manufaa, ingawa sababu imebadilika. Kinachohitajika ni kulichunguza kila zoea: lilizuia nini, na je, kitu hicho kingalipo?

Kijana anayeishi na mzee mwenye hofu ya namna hii asimcheke. Amshukuru kwanza, kwa maana huenda ukoo ulisalimika kwa tahadhari zake. Kisha afuatane naye hatua kwa hatua hadi mahali palipo salama, ili mzee ajionee mwenyewe. Ushahidi wa macho yake utamfaa kuliko maneno ya kumshawishi.