Kisu cha Mabapa Mengi: Soma Mgongo Kabla ya Kuhesabu Makali

Mwanzoni mwa miaka ya 1820, kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield, Uingereza, ilitengeneza kisu cha kukunja chenye mabapa 1,822, moja kwa kila mwaka wa kalenda hadi 1822. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, kampuni hiyohiyo ikapeleka kisu kingine kikubwa, Kisu cha Norfolk, chenye mabapa na zana 75 zilizotiwa nakshi. Visu hivyo havikukusudiwa kukata chochote. Vilikuwa tangazo: njooni muone mikono ya mafundi wetu.

Anayeanza kukusanya visu vya mfukoni vilivyotengenezwa kwa mkono hupotezwa kwa urahisi na mifano ya namna hii. Hudhani thamani ya kisu hupanda kadiri mabapa yanavyoongezeka. Lakini waliobobea hulipa mamia, hata maelfu ya dola, kwa kisu chenye mabapa mawili au matatu tu, ilhali kisu cha kiwandani chenye zana thelathini hupatikana kwa bei ya kawaida dukani. Hawalipii idadi. Wanalipia jinsi mabapa hayo yanavyokaa pamoja ndani ya mpini mmoja mwembamba, na jambo hilo husomeka vizuri zaidi mgongoni mwa kisu kuliko kwenye makali.

Kazi ya springi

Kisu cha jadi cha mfukoni hakina kufuli. Kinachoshikilia bapa ni springi, yaani utepe mnene wa feleji uliolala mgongoni mwa mpini kati ya sahani mbili nyembamba za chuma au shaba. Bapa lina shina lenye tundu, na pini iliyopita kwenye tundu hilo ndiyo mhimili wake. Springi hulibonyeza shina wakati wote. Unapolifungua bapa, kona ya shina huisukuma springi ijikunje. Kona ikishapita, springi hurudi na kutua juu ya upande ulionyooka wa shina. Hapo ndipo kisu hulia ta! Wakusanyaji huusikiliza mlio huo kwa makini, kwa sababu hulegea pale springi inapokuwa dhaifu au shina lilipochongwa vibaya.

Kwenye visu vingi vya daraja la juu, bapa husimama mara tatu: likiwa limefungwa, likiwa nusu, na likiwa wazi kabisa. Katika hali zote tatu, springi inapaswa kuwa sawa na sahani zilizo pembeni yake, isichomoze wala isizame. Pitisha ukucha juu ya mgongo wa kisu, kutoka sahani moja hadi nyingine, bapa likiwa limefungwa. Rudia likiwa nusu, kisha likiwa wazi. Ukucha usipokwama popote, umeshika kazi ya fundi hodari. Kuupata usawa huo kwa bapa moja kunadai tupa, msasa na subira: fundi hukiunganisha kisu kwa pini za muda, hupima, hukifungua, huondoa chuma kidogo mno kwenye shina, kisha hukiunganisha tena.

Sasa ongeza bapa la pili. Mara nyingi mabapa mawili hutumia springi moja, kila moja likiwa upande wake wa mpini, na springi imefungwa kwa pini katikati. Ongeza la tatu, na nafasi inakwisha. Mabapa haya ni kama wapangaji wa nyumba moja: kila mmoja ana mlango wake, lakini ukuta ni wa wote. Yakilala ubavu kwa ubavu bila kurekebishwa, ncha ya moja itakwaruza ubavu wa jingine. Kwa hiyo fundi hupinda shina kidogo sana, au huchonga nafasi kwenye ubavu wa bapa, ili kila moja lipite bila kugusa mwenzake. Ukitaka kujua kama kazi hiyo ilifanywa sawasawa, fungua mabapa yote na uyaelekeze kwenye mwanga. Mikwaruzo iliyonyooka ubavuni ni ushahidi kwamba yanagombana.

Kuna umbo moja linalopendwa sana na wakusanyaji, kisu cha mchonga vijiti chenye mabapa matatu. Upande mmoja kina bapa kubwa lenye shina nene linalokalia springi mbili kwa pamoja. Upande wa pili, springi hizohizo zimetenganishwa na kabari nyembamba ya chuma, na kila moja imebeba bapa lake dogo. Ukikitazama kwa mgongoni, unaona springi mbili zikianza zikiwa zimegusana, kisha zikiachana polepole kuelekea upande wa pili. Bapa kubwa likifunguliwa, springi zote mbili lazima ziinuke na kutua kwa wakati mmoja. Moja ikichelewa, kosa halifichiki.

Nyuma ya yote hayo kuna matiko. Bapa linahitaji ugumu wa takriban 60 kwa kipimo cha Rockwell ili lishike makali. Springi huachwa laini zaidi, katikati ya 40 au juu kidogo, ili ijikunje maelfu ya mara bila kuvunjika. Springi ngumu kupita kiasi hukatika. Iliyo laini kupita kiasi hupinda na kubaki hivyo. Ndani ya kitu kinachoenea kiganjani, fundi mmoja ameitia feleji matiko ya namna mbili tofauti.

Kutoka Sheffield hadi Indiana

Katika Sheffield ya karne ya 19 kisu hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Mmoja alifua bapa, mwingine alilichonga kwenye cherehe, wa tatu aliunganisha. Wengi walikuwa mafundi wa kujitegemea, waliokodi chumba kidogo na kupokea kazi za kampuni kubwa. Wachongaji walilipa gharama kubwa kuliko wote: vumbi la mawe ya cherehe liliwaharibu mapafu, na wengi walikufa wakiwa bado vijana. Anayekishika kisu cha enzi hiyo na kusifu mng'ao wake anapaswa kukumbuka pumzi za waliokichonga.

Mmoja wa mafundi wa mwisho wa mkondo huo alikuwa Stan Shaw, aliyezaliwa mwaka 1926. Alianza uanagenzi akiwa kijana kwenye kampuni ya George Ibberson, na akaendelea kutengeneza visu vya kukunja, vikiwamo vya maonyesho vyenye mabapa mengi, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2021, na hadi miaka yake ya mwisho wateja walisubiri zamu zao kwa miaka.

Marekani nako, Tony Bose wa mji mdogo wa Shelburn, jimbo la Indiana, aliyefariki mwaka 2020, aliyachambua maumbo ya visu vya zamani na kuyatengeneza upya kwa usahihi uliobadilisha matarajio ya wanunuzi. Tofauti na Sheffield ya zamani, fundi wa leo wa aina yake hukata feleji, hutengeneza springi, huchonga, huunganisha na kung'arisha mwenyewe. Kampuni ya Case ya Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1889, ilishirikiana na Bose kwa miaka mingi, na matoleo ya ushirikiano huo yamewafungulia mlango wakusanyaji wasioweza kununua kisu kilichotoka mikononi mwake.

Vibao vya mpini na pembe za ndovu

Hapa ndipo historia ya visu hivi inapogusa pwani yetu. Kampuni ya Rodgers ilisifika kwa ghala lake la pembe za ndovu, zilizokatwa kuwa vibao vya mipini. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe zilizotoka sehemu za bara za Afrika Mashariki, zikibebwa vichwani na mabegani na wapagazi na watumwa. Weupe laini wa mpini wa kisu cha kale una safari hiyo ndani yake.

Mwaka 1989 Tanzania ilipendekeza ndovu wa Afrika awekwe kwenye orodha ya juu ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mwezi Julai mwaka huohuo Kenya iliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi. Marufuku ya biashara ya kimataifa ilianza kutumika mwaka 1990, na Uingereza ikaongeza sheria yake kali ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2022. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, kumiliki pembe ya ndovu bila kibali ni kosa la jinai. Ushauri wangu ni mfupi: kisu chenye mpini wa pembe ya ndovu kiache, hata kikiwa kizuri namna gani. Mfupa wa ng'ombe uliochongwa mifuo na kupakwa rangi, mpingo na pembe za mifugo hutoa mipini mizuri isiyo na deni hilo.

Kununua na kutunza

Ukikishika kisu kwa mara ya kwanza, kifunge na ukielekeze kwenye dirisha. Mwanga usipenye kati ya springi na sahani. Fungua kila bapa, lisukume kushoto na kulia, lisicheze. Tazama ncha zote kisu kikiwa kimefungwa. Zisichomoze kiasi cha kukwama kwenye kitambaa cha mfuko. Kisha soma alama iliyogongwa kwenye shina, kwani ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kisu. Kampuni ya Case, kwa mfano, mwaka 1970 iligonga nukta kumi kwenye mashina, na kila mwaka uliofuata wa muongo huo ikapunguza moja. Anayejua kuhesabu nukta hizo anaujua mwaka. Ukikuta bapa limenolewa hadi umbo lake limepotea, au alama inaonekana mpya kuliko chuma kilichoizunguka, rudisha pesa mfukoni.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ana adui wa ziada, hewa yenye chumvi. Feleji ya kaboni hushika kutu haraka huko. Paka mafuta mepesi, na tia tone moja kwenye kila mhimili. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu kemikali za kutengenezea ngozi hula chuma. Visu vya zamani vyenye mpini wa seluloidi vitenge na vingine, maana plastiki hiyo ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaoweza kuharibu kasha zima. Usafiripo kwa ndege, kisu kiende kwenye mzigo wa chini, na ujue sheria ya nchi unakokwenda. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na kufuli na chenye makali yasiyozidi inchi 3.

Kama huna uwezo wa kuagiza kisu kwa fundi, anza na kisu kimoja cha zamani cha mabapa mawili, cha bei unayoimudu, na ujizoeze kuusoma mgongo wake. Ustadi huu hauhifadhiwi na makumbusho peke yake. Fundi anaweza kutumia siku nzima kuondoa pengo lisiloonekana kwa macho, lakini atafanya hivyo miaka yote ikiwa tu kuna mnunuzi anayelitafuta pengo hilo na kulipa kwa furaha asipolikuta. Wanunuzi wakihesabu mabapa tu, mafundi watawapa mabapa.