Je, Wajua? Mshtuko Usio na Breki

Je, wajua kuna watu ambao mlango ukibamizwa ghafla mwili wao hukakamaa wote, wakaanguka kifudifudi huku akili zao zikiwa timamu? Hawazimii. Wanajua wanaanguka, ila mikono haiwahi kujikinga. Ugonjwa huo wa nadra huitwa hiperekpleksia.

Je, wajua ulielezwa na madaktari wa Sweden mwaka 1958, kisha wenzao wa Uholanzi wakaufuatilia katika ukoo mmoja mkubwa na kuupa jina mwaka 1966? Wagonjwa wengi walidhaniwa wana kifafa.

Je, wajua chanzo chake? Kila mtu hushtuka. Shina la ubongo ndilo linaloamuru. Lakini neva zinahitaji pia breki, na breki kuu ya uti wa mgongo ni glisini, asidi amino ndogo kuliko zote. Mwaka 1993 watafiti waligundua kuwa jeni iitwayo GLRA1, inayotengeneza sehemu ya kipokezi cha glisini, ikiwa na kasoro, ujumbe wa "tulia" haufiki, na misuli hukaza yote kwa pamoja. Anayeshtuka hivyo si mwoga, wala hakurogwa.

Je, wajua pepopunda hupita njia hiyohiyo? Sumu ya bakteria wake huzuia neva kutoa glisini. Strikinini, sumu ya kale ya kuulia panya, huziba kipokezi chenyewe. Kasoro ya kurithi, kidonda kichafu na sumu ya mmea, vyote hugonga mahali pamoja! Mimi naona huu ndio ugunduzi mtamu kuliko yote katika habari hii.

Je, wajua hata baadhi ya ndama wa ng'ombe aina ya Poll Hereford huzaliwa na hiperekpleksia?

Je, wajua kidole tu chaweza kumsaidia daktari kuutambua? Humgonga mtoto mchanga polepole kwenye ncha ya pua. Watoto wengine huzoea upesi. Mwenye ugonjwa huu hurusha kichwa nyuma kila mara. Mwili wake huwa mgumu akiwa macho, ukalegea akilala. Hatari ni pumzi kukatika. Mwaka 1989 Federico Vigevano na wenzake wa Italia walieleza namna ya kumwokoa: kunja kichwa na miguu yake kuelekea tumboni, na mkazo huachia. Dawa ya klonazepamu huwapa wengi nafuu kubwa.

Je, wajua mwimbaji Céline Dion alitangaza mwaka 2022 kuwa ana ugonjwa wa jamii hiyo? Wake ni ule wa kukakamaa mwili, ulioelezwa Marekani mwaka 1956, ambao mara nyingi huambatana na kinga ya mwili kushambulia mfumo wa kutuliza neva. Julai 2024 aliimba tena, Paris.

Mzazi, mwanao akikakamaa kila akiguswa au akisikia kishindo, mpeleke hospitali na umwombe daktari ampime kwa kumgonga pua. Nanyi wengine, msimshtue mtu kwa mzaha.