Ufundishaji wa Vipengele vya Hadithi kwa Wanaoanza Kusoma kwa Kutumia Picha: Mfano kutoka Kando ya Ziwa Victoria, Mwanza

1.0 Utangulizi

Watoto wengi wa Mkoa wa Mwanza huanza kusoma kwa Kiswahili ilhali lugha ya nyumbani kwao ni Kisukuma, au Kikerewe na Kijita katika visiwa vya Ukerewe. Kwa watoto hao picha ni msaada mkubwa, kwani huielewa hali kabla hawajayamudu maneno yanayoieleza. Hata hivyo, picha huonesha vitu na matendo. Sababu inayoyaunganisha matendo hayo haichoreki. Makala hii inafafanua namna ya kufundisha mandhari, wahusika, mgogoro na suluhisho kwa picha, na inajenga hoja kwamba umbo la kitenzi analotumia mtoto humwonesha mwalimu iwapo mtoto anataja picha au anasimulia hadithi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mandler na Johnson (1977) pamoja na Stein na Glenn (1979) walieleza kuwa msikilizaji huelewa na kukumbuka hadithi kwa kufuata mpangilio anaoutarajia: mandhari, tukio linaloanzisha jambo, lengo la mhusika, jitihada na matokeo. Mtoto aliyekulia katika ngano za jioni anao mpangilio huo tayari. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia kuutambua ukurasani.

Picha nazo zina kanuni zake. Huko Afrika Kusini, Hudson (1960) alitumia mchoro wa mwindaji, swala na tembo, ambamo tembo alichorwa mdogo ili aonekane yuko mbali. Baadhi ya watazamaji walisema mwindaji anamlenga tembo. Ingawa hitimisho la Hudson kuhusu utamaduni limepingwa na watafiti waliomfuata, jambo moja linabaki: kusoma picha ni stadi inayofundishwa.

Usukumani, matumizi ya picha katika mafunzo yalitangulia kitabu cha shule. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1953, alikusanya michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka. Maana ya michoro ya namna hiyo haikuwa wazi kwa kila apitaye; ilihitaji maelezo ya aliyekwisha kufundwa. Mchoro na msimulizi vilikwenda pamoja.

3.0 Mfano: Uanikaji wa Dagaa

Tuchukue picha nne zinazoweza kuchorwa ubaoni au kwenye karatasi za manila. Katika ya kwanza, jua linawaka, mama na binti wanatandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu ufukweni. Katika ya pili, mama anaelekea mwaloni, binti amebaki, na wingu jeusi limetanda ziwani. Katika ya tatu, binti anapunga mikono na majirani wanazoa dagaa. Katika ya nne mvua inanyesha, na dagaa wamo katika magunia chini ya paa.

Mandhari na wahusika hupatikana kwa maswali mepesi: “Hapa ni wapi?” na “Nani wapo?” Ugumu uko katika mgogoro. Ni rahisi mtoto kuinyooshea kidole picha ya tatu kwa kuwa ina pilikapilika, ilhali mgogoro umeanza katika ya pili, ambamo hakuna anayekimbia. Wingu ni tatizo kwa yule tu ajuaye kwamba dagaa walionyeshewa huharibika na kushuka bei. Mtoto wa ziwani anayajua hayo kutoka nyumbani, swali “Kwa nini wingu hili ni baya?” humruhusu kuyaleta darasani. Kwa mtoto wa Kwimba, mbali na ziwa, mwalimu aweza kuweka pamba mahali pa dagaa bila kuvunja muundo wa hadithi.

4.0 Kitenzi kama Kipimo

Majibu ya mtoto yanaweza kupangwa katika ngazi tatu. Katika ya kwanza hutumia kiambishi -na-: “Mama anaanika. Mvua inanyesha.” Kila picha inasimama peke yake. Katika ya pili hutokea -li- na -ka-: “Binti aliona wingu, akaita majirani, wakazoa dagaa.” Hapa matukio yamefuatana kwa wakati. Katika ya tatu huongezeka sababu na lengo: “Aliwaita kwa sababu mama hakuwapo, ili dagaa wasilowe.” Ngazi hii ndiyo inayodhihirisha kuwa mgogoro umeeleweka.

Mwalimu anayeuliza tu “Unaona nini?” humbakiza mtoto katika ngazi ya kwanza, kwa kuwa swali lenyewe limebeba -na-. Akiuliza “Kisha ikawaje?” hualika -ka-; akiuliza “Kwa nini?” hualika sababu. Kuchanganya mpangilio wa picha na kuwataka wanafunzi waupange upya, kila mmoja akitetea uamuzi wake, hukamilisha kazi hiyo.

5.0 Hitimisho

Mtaala wa darasa la I na la II ulioanza kutumika mwaka 2015 ulikazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mkazo huo ni wa haki, lakini mtoto anaweza kutamka kila neno kwa ufasaha na bado asijue kwa nini binti alipunga mikono. Hivyo basi, picha itumike kama mahali pa kuulizia sababu, na upimaji wa ufahamu uzingatie viunganishi na viambishi anavyotumia mtoto anaposimulia, si idadi ya vitu alivyovitaja.