Kabla ya Kuuza Kikopo cha Kwanza



Miaka michache iliyopita, katika harusi ya jamaa zetu hapa Uingereza, mjukuu wangu wa kike alipakwa piko mikononi. Aliyempaka ni mama tunayemheshimu sote, hodari wa kazi yake. Siku ya tatu mikono ilivimba ikatoka malengelenge. Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu: ndani ya rangi hii mna nini? Nikamwonyesha chupa. Haikuwa na kibandiko. Tulipompigia simu yule mama, naye hakujua. Aliinunua kwa mtu, na mtu huyo kwa mwingine.

Swali lile la daktari ndilo kiini cha sheria ninayotaka kuieleza. Wengi wetu huchemsha sabuni ya karafuu, hutia manukato katika mafuta ya nazi, husaga liwa, kisha wakauza mwisho wa juma. Wahenga walisema chema chajiuza. Huku ugenini, chema sharti kwanza kithibitishwe.

Sheria ya vipodozi inayotumika England, Scotland na Wales ilitokana na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009. Haimtofautishi mwenye kiwanda na mwenye sufuria moja jikoni.

Kwanza, kila kipodozi kiwe na mwenye dhamana aliye hapa nchini. Ukikitengeneza mwenyewe, ni wewe. Ukikileta sandukuni kutoka Mombasa au Unguja ili ukiuze, ni wewe vilevile, maana umekuwa mwagizaji.

Pili, usalama wake upimwe na mtaalamu mwenye shahada ya famasia, tiba, elimu ya sumu au fani inayofanana na hizo, naye aandike ripoti. Kazi hii hulipiwa. Kwa hiyo ni busara kuanza na bidhaa moja, wala si kumi.

Tatu, ripoti hiyo pamoja na maelezo ya viambato na namna ya kutengeneza viwekwe katika jalada, litunzwe kwa miaka 10 tangu fungu la mwisho lilipoingia sokoni.

Nne, bidhaa iandikishwe kwa serikali kwa njia ya intaneti kabla ya kuuzwa. Hili halina malipo.

Tano, kibandiko kitaje jina na anwani ya mwenye dhamana, kiasi kilichomo, viambato vyote, tahadhari, muda wa kutumika, na namba ya fungu, ili likiharibika moja lijulikane na kurudishwa.

Yapo pia yaliyokatazwa kabisa. Krimu za mkorogo zenye zebaki au haidrokwinoni haziruhusiwi kuuzwa kama vipodozi, wala wanja wenye risasi. Kemikali iitwayo PPD, ambayo aghalabu ndiyo huifanya piko kuwa nyeusi, inaruhusiwa katika rangi ya nywele kwa kiasi maalumu. Kuipaka ngozini ni marufuku.

Wako watakaosema kwamba bibi zetu walipaka liwa bila ya jalada wala ripoti. Ni kweli. Lakini bibi alimpaka mjukuu wake, kwa liwa aliyoisaga mwenyewe, naye alikuwapo kesho yake kuulizwa. Anayemuuzia mgeni sokoni hayupo kesho. Kibandiko ndicho kinachobaki kujibu kwa niaba yake.

Mikono ya mjukuu wangu ilipona, ikabaki na alama. Ameambiwa asitumie rangi ya nywele yenye PPD maisha yake yote. Yule mama leo hupaka hina ya majani tu, nasi tungali tunamwalika.

Mwenye nia ya kuanza na aende kwanza kwa maofisa wa halmashauri yake wanaosimamia haki katika biashara. Kuuliza si ujinga.